Mita ya Marehemu Nassibu

Kila mwezi ukianza, Bi Mwanakombo alikuwa na ugomvi na mita ya umeme. Ananunua umeme wa elfu mbili, elfu moja mia tano inakwenda kwenye kodi ya jengo, anabakiwa na uniti za kuwashia taa mbili na kuchaji simu. Asije mtu hapa akasema elfu moja mia tano si hela. Kwa mjane wa miaka sabini na moja, aliyeuza vitumbua barazani kwake Mtoni mpaka magoti yakamkatalia, hiyo ni nusu kilo ya mchele na kitu juu.

Aliwahi kujaribu ujanja wake mwenyewe. Mwezi mzima hakununua umeme, akawasha koroboi na kumwambia kila aliyeuliza kwamba mita imeharibika. Mwezi uliofuata mita ikamkata ya miezi miwili kwa mpigo. Alicheka peke yake ukumbini, kisha akaacha kucheka.

Mita yenyewe aliipenda, msidhani aliichukia. Ilikuwa ya mumewe, Nassibu, aliyekufa mwaka wa nne huu. Nassibu alikuwa fundi mwashi, na nyumba ile ya vyumba vinne aliijenga kwa matofali aliyofyatua kwa mkono wake siku za Jumapili. Umeme ulipoingia, Bi Mwanakombo hakujua kusoma ila msahafu, basi Nassibu akamkaririsha namba za mita, zote kumi na moja, kama watoto wa chuoni wanavyokaririshwa sura fupi. Alikuwa akimsimamisha mlangoni, "Haya, zilete," naye anazileta. Na kila aliponunua umeme, muuzaji alisoma jina la mwenye mita: Nassibu Mzee Kombo. Tangu mumewe afe, hapakuwa na mahali pengine ambapo mtu alilitaja jina lile bila kuanza na neno marehemu.

Aliyeleta habari ya msamaha ni jirani yake, Mwalimu Eufrazia, mstaafu, mtu wa Mbinga aliyehamia Mtoni miaka mingi na kuzoea kula futari kwa majirani kuliko Waislamu wengine.

"Mama, wewe unakatwa kodi ya nini?" alimuuliza siku moja. "Mzee wa zaidi ya miaka sitini, asiye na kipato, nyumba anayoishi mwenyewe anasamehewa. Mie nilipeleka barua ya serikali ya mtaa, kitambulisho na karatasi za kiwanja. Hawanikati tena."

"Mwalimu, wewe unajua kuongea na watu wa ofisini."

"Tutakwenda wote."

Wakaenda. Bi Mwanakombo alivaa baibui lake jipya, karatasi ya mauziano ya kiwanja ameiweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba. Kijana wa ofisini, Brightson, aliwaamkia shikamoo wote wawili, akaisoma karatasi ile mbele na nyuma.

"Bibi, jina hapa si lako. Mzee Nassibu yuko wapi?"

"Ametangulia, mwanangu."

"Poleni sana. Sasa msamaha anapewa mwenye nyumba. Itabidi kwanza ifunguliwe mirathi, nyumba ijulikane ni ya nani. Ukishaleta karatasi ya mahakama, hili letu ni dogo sana."

Alisema kwa upole, akawasindikiza mpaka mlangoni. Hakuna aliyemdanganya Bi Mwanakombo siku ile, na hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia. Mtu angemtapeli, tungekuwa na wa kumlaani.

Nassibu alikuwa na watoto watatu kwa mke wake wa kwanza, aliyefariki mapema. Bi Mwanakombo hakujaaliwa kuzaa. Aliwakuta wadogo, akawalea, akawaoza. Mkubwa wao, Mashaka, alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki Tandale. Bi Mwanakombo alimpigia simu mwenyewe, kwa furaha, kama mtu anayeita watu kwenye shughuli.

"Njooni Jumapili na wenzio. Tunakaa kikao cha mirathi ya baba yenu, nipate ule msamaha wa kodi."

"Sawa mama. Tunakuja."

Alipika pilau. Alikopa kuku wawili. Ndugu wa mume walikuja, wakala, wakasifu, na ilipofika kuchagua msimamizi wa mirathi, mmoja wao akasema awe mjane, maana ndiye aliyekaa na marehemu. Mwalimu Eufrazia, aliyekuwa jikoni akiosha sahani, alisikia akatamani kupiga vigelegele. Lakini Bi Mwanakombo akainamisha kichwa.

"Mie mwanamke, sijui kusoma, mahakamani nitakwenda kusema nini? Baba ni wao. Awe Mashaka."

Watu wakasema maashallah, ndiyo adabu hiyo. Akachovya kidole kwenye wino akatia dole gumba kwenye muhtasari wa kikao. Alilifuta dole kwa upindo wa kanga, na wino ule haujatoka kwenye ile kanga mpaka leo.

Miezi ikapita ya matangazo na tarehe za mahakama. Kila mwezi kodi ilikatwa, naye alikuwa akimwambia Eufrazia, "Bado kidogo tu." Siku Mashaka alipokuja na karatasi, hakukaa kwenye kiti. Alisimama karibu na mita, akiikwangua rangi ya ukuta kwa ukucha.

"Mama, imeshatoka. Wewe una thumni yako, sehemu moja ya nane. Saba zilizobaki ni zetu."

"Alhamdulillahi. Sasa ule msamaha nakwenda lini?"

Mashaka aliendelea kukwangua ukuta.

"Mama, wenzangu wanataka chao. Thumni ya nyumba hailaliki. Sie wote tuna shida, duka langu limekufa, mdogo wangu Lulu ana mtoto anaumwa. Amepatikana mteja."

Bi Mwanakombo alimtazama. Huyu ndiye mtoto ambaye yeye alimkanda kwa maji ya moto usiku alipotoka jandoni. Alitaka kumwambia hayo, akaona yatakuwa masimango, akayameza.

"Nilitaka wasinikate ile elfu na mia tano," alisema. "Basi. Sikutaka kitu kingine."

Alilia mbele ya mtoto wake bila kujifunika, na Mashaka naye akalia, na nyumba ikauzwa vilevile. Mwalimu Eufrazia hakuweza kuja kumuaga. Alijifungia ndani siku hiyo, akijilaumu kwa wema wake, na sidhani kama ameacha kujilaumu.

Binti wa dada yake Bi Mwanakombo, Shamimu, alimtafutia chumba Kibamba, mbali huko Barabara ya Morogoro, ambako hata vumbi ni jekundu na hakuna anayemwita mama fulani. Kila chumba kina mita yake. Mwenye nyumba alimwelekeza vizuri: "Bibi, umeme unajinunulia. Na ile kodi ya jengo, ikikatwa kwenye mita yako, ndiyo hivyo tena." Kwa hiyo Bi Mwanakombo, aliyetafuta msamaha akiwa na nyumba, akawa anamlipia kodi ya nyumba mtu mwingine.

Taa ilipozimika mara ya kwanza, alikwenda dukani kwa binti mmoja anayeitwa Loveness, akampa elfu mbili.

"Namba ya mita, bibi?"

Kikaratasi cha mita mpya kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kanga. Hakukikumbuka. Alisimama wima kama alivyozoea kusimamishwa mlangoni, akazileta zote kumi na moja bila kukosea hata moja.

Loveness alibonyeza, akasubiri, akasoma. "Nassibu Mzee Kombo. Kodi ya jengo elfu moja mia tano imekatwa. Ndiyo wewe?"

Hapo ndipo alipogutuka. Umeme wake alikuwa ameupeleka Mtoni, kwenye nyumba ya mteja wa Mashaka, ambaye hakuhangaika kubadili jina. Akashika ukingo wa meza ya duka.

"Bibi, umekosea mita? Hii hairudi, eti. Pole jamani. Huyu Nassibu ni nani?"

"Mume wangu. Hiyo mita yake ya Mtoni."

"Yuko Mtoni?"

Bi Mwanakombo alipapasa pindo la kanga. Pindoni palikuwa na elfu moja, ya mkate na sukari. Chumbani kwake kulikuwa giza na kungebaki giza.

"Hebu lisome tena hilo jina, mwanangu," alisema.

Loveness akalisoma tena.