Aliyekata Mkanda Mpya

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka kisiwa cha Idjwi nikaambiwa kwamba msimamizi wangu wa zamani amefariki, na kwamba wameshamzika. Mpwa wake, ndiye aliyepiga, aliomba radhi kwa kuchelewa: boti ya kumfikisha penye mtandao ilikuwa mbovu. Wasomaji wa safu hii hamkumjua. Miaka ya Zaïre, kabla sijaanza kuandika, nilikuwa mtunza stoo katika kituo cha kusafishia maji machafu, chini ya mji wa Bukavu, karibu na ziwa. Yeye alikuwa mkuu wa mafundi. Alikuwa mrefu, mkali kwa wavivu, na mwepesi wa kucheka. Ndoto yake ilikuwa moja tu: arudi kisiwani kwao akalime kahawa.

Taka zote zilizonaswa na wavu wa chuma, yaani matambara, majani, maganda, zilipandishwa nje kwa mkanda mpana wa mpira tuliouita tapi. Tapi la zamani lilipochakaa kabisa, likaletwa jipya, na pamoja nalo amri: lizunguke kabla ya wageni kutoka Kinshasa kufika. Lakini lilitengenezwa kwa nyumba pana kuliko yetu. Mkuu wa mafundi alitaka ukuta uvunjwe kwanza. Mkurugenzi, mtu mpole aliyekuwa na hofu kuliko sisi sote, akasema hakuna muda. Tukaibana mashine yake ukutani, hata boliti za kulegezea mkanda zikawa hazifikiki. La zamani tulikwisha kulikatakata, kwa hiyo hapakuwa na pa kurudi.

Siku moja kabla ya ziara tulilijaribu. Fundi mmoja aliyekuwa akipaka grisi alivutwa shati, na mkono ukaingia hadi juu ya kiwiko, kati ya mkanda na rola. Mota ilizimwa papo hapo, ila mkanda ulibaki umekaza. Hakupiga kelele. Alikuwa akiita mama yake kwa Kimashi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesali. Mkuu wa mafundi aligusa vidole vilivyotokeza upande wa pili, kisha akaomba kisu.

“Ngojea,” mkurugenzi alisema, koti lake la abakosti limelowa jasho. “Tubomoe ukuta.”

“Ukuta utatukamata mpaka jioni, citoyen directeur. Mukono iko inakuwa baridi.”

“Na kesho tutawaambia nini?”

“Tutawaambia ilikatika.”

Akakata. Mpira ule mnene ulichukua muda, na katika muda huo hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia. Mkono ulitoka umechubuka vibaya, lakini ulipona. Wageni walikuja kesho yake, wakaimbiwa na kuchezewa kule juu barabarani, wakaondoka. Hawakuteremka kituoni.

Adhabu haikuandikwa popote. Aliambiwa tu kwamba aliyekata ndiye atakayebeba, mpaka mkanda mwingine uje. Haukuja. Akawa anashuka katika shimo la wavu na ndoo na reki, anapandisha kwa mikono taka za mji mzima. Kila alipoomba kuachishwa kazi aende Idjwi, aliulizwa nani atabaki na kituo. Kuondoka bila ruhusa kungeitwa hujuma, na nyakati zile neno hilo lilitosha kumpoteza mtu. Yule aliyeokolewa alishuka naye akabeba pia, mpaka alipopata kazi ya kuendesha lori la mpunga Luberizi. Aliona haya kuondoka. Nilikuwepo alipoaga.

“Nitabaki na weye, papa.”

“Enda. Kama unabaki humu, basi nilikata ya bure.”

Miaka ilipita. Siku moja nilimuuliza kama anajuta. Alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo na mabuti yake yananuka. “Niko najuta kila siku,” akasema. “Nikinyanyua ndoo, najuta. Kisha nakumbuka yule muntu anashika usukani na mikono yote mbili, roho inatulia. Kesho naanza tena kujuta.”

Kituo kilikufa chenyewe, mashine moja baada ya nyingine, na hapo ndipo alipoachiwa. Alivuka kwenda kisiwani akiwa na mvi na mgongo mbovu, akapata misimu kadhaa ya kahawa. Tunapenda kuwaambia watoto kwamba mtu akitenda haki moyo wake huwa huru. Mimi nilimwona mtu aliyetenda haki asubuhi moja akafungiwa ndani ya haki hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake, wakati sisi tuliosimama kando tulipata kazi nyingine, mmoja mmoja. Kisu alikishika peke yake, na hilo nalielewa, kwa maana kisu hushikwa na mkono mmoja. Ndoo zilikuwa nyingi. Zile tungeweza kugawana.