Maneno ya Fundi wa Upinde

Duka lile lilinuka mpira mpya, nta na mkojo. Sitanii. Kwenye rafu ya karibu na mlango palipangwa chupa ndogo za mkojo wa kulungu jike, ambao wawindaji hununua ili kuwavuta madume, na chupa moja ilikuwa imevuja. Papa alipoelewa ile picha kwenye kibandiko alicheka mpaka akashika kiuno. “Wazungu! Hata mukojo wanauza!” akasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka kilima hadi kilima. Watu waligeuka kututazama. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulikuwa tumetoka Brooklyn Center kwa mabasi mawili, Papa amekumbatia upinde aliouviringisha kwenye shuka la maua la Mama, na mimi nimekuja kwa kazi yangu ya kila Jumamosi, kazi ya kuwa mdomo wake kwa Kiingereza.

Papa alitoka Fizi, kule Kongo, na babu yangu alikuwa mwindaji huko kabla vita haijatutawanya. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma, mahali ambapo mtu mzima alipewa unga na maharage kwa foleni, na akitoka nje kutafuta kitoweo alikamatwa. Huko Papa alikaa miaka mingi bila kuweka nyama mezani kwa mkono wake mwenyewe, na jambo hilo lilimla ndani kwa ndani. Tulipofika Minnesota alipata kazi ya kuendesha fokolifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, katika ghala moja kule New Hope. Mzee mmoja wa kizungu aliyefanya naye kazi alipostaafu alimpa upinde wake wa zamani, ule wa kisasa wenye magurudumu mawili kwenye ncha na kamba zinazopishana. Ulikuwa umening'inia gereji miaka, ukipigwa na joto la kiangazi na baridi ya hapa, ambayo haina huruma. Kamba ilikuwa imechakaa. Papa aliizungushia uzi wa kuvulia samaki, akaupaka gundi na nta ya mshumaa, kazi ya jioni tatu. Alikata leseni ya kuwinda, akawatangazia watu wa kanisani kwamba sikukuu ya mavuno mwaka ule wangekula kulungu wa Papa Elisha, kama walivyomwita. Mama ndiye aliyesema chombo cha watu lazima kipelekwe kwa wenyewe kikaguliwe. Bila Mama tusingekwenda kabisa.

Fundi alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, mpole, mwenye mikono ya taratibu kama ya nesi. Aliulaza upinde mezani, akatazama ule uzi wa samaki. Kisha akachukua pamba na kuipitisha polepole juu ya mkono wa upinde, yaani lile bapa linalopinda ukivuta. Pamba ikanasa. Akarudia, ikanasa palepale. Akaniita karibu, akanionyesha ufa mwembamba kuliko unywele. Akaniambia kwa Kiingereza, tena kwa kituo, kwamba upinde huu usivutwe hata mara moja, kwamba utapasuka usoni mwa mtu, na kwamba aliyeifunga kamba hii hakujua anachofanya. Tukiuacha pale, angeagiza mikono mipya na kamba mpya, na baada ya wiki mbili ungekuwa salama. “Mwambie baba yako yote hayo,” akasisitiza.

Papa alisimama kando yangu, mikono nyuma, anatabasamu kama mtu anayesubiri kupongezwa. “Ule muzungu anasema nini?” akauliza.

Jamani, ningesemaje? Kwetu mtoto hamwambii baba yake mbele ya watu kwamba kazi ya mikono yake ni ya kijinga. Hata ukitumwa neno kali na mkubwa mwingine, unalilainisha njiani, na ukilifikisha kwa ukali wake, kofi ni lako wewe uliyelibeba. Nilikuwa nimelelewa hivyo, na nililijua somo langu barabara. Nikasema, “Anasema ni upinde mzuri, Papa. Kamba umeifunga vizuri. Ila ukitaka, wanaweza kuweka nyingine, itachukua wiki mbili.”

“Juma mbili? Wakati ya mavuno itakuwa imepita! Kamba yangu itatosha. Umwambie merci mingi.”

Nikamwambia fundi asante, na kwamba tutarudi. Alinitazama, akamtazama Papa, akakunja uso. Upinde ulikuwa wetu, angefanya nini? Tukauviringisha tena kwenye shuka tukaenda kungoja basi.

Jumamosi iliyofuata Papa alikwenda shambani kwa yule mzee aliyempa upinde. Nilikuwa nyumbani namsuka mdogo wangu nywele simu ilipolia. Papa alikuwa amevuta mara moja tu, kujipasha misuli, hata kabla ya kumwona mnyama, na mkono wa upinde ukapasuka kwenye ufa uleule. Kipande kilimwingia jicho la kushoto. Hospitali walimleta mkalimani mtu mzima, mama mmoja wa Kikongo, akamwambia Papa maneno ya daktari bila kupunguza hata moja: jicho limekwisha, litatolewa kesho. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza, nikaona kwamba kumbe inawezekana kusema yote.

Ghalani walimwondoa kwenye fokolifti, akapewa ufagio. Watu wa kanisani walikuja na sufuria za wali na misemo yao. “Heri kufa macho kuliko kufa moyo,” walimwambia, naye akaitikia kwa adabu. Niliuchukia msemo ule, na bado nauchukia. Mama aliulaumu upinde, mchungaji akamlaumu shetani, na mimi nikala wali wao nikanyamaza.

Sasa mimi ni mkalimani wa hospitali, na wenzangu hunitania kwamba sina huruma, maana nafikisha neno kama lilivyo. Machi iliyopita nilimpeleka Papa kliniki ya macho huko Golden Valley. Alimkataa mkalimani wa simu. “Niko na wangu,” akasema. Daktari akaeleza kwamba jicho lililobaki nalo linakwenda, na halitarudi. Nikamwambia vilevile, moja kwa moja: “Papa, utakuwa kipofu.”

Papa alinigeukia. Kisha akasema, “Leo umesema yote. Siku ile dukani haukusema yote. Niliona sura ya ule kijana, nikajua iko neno umeficha. Lakini ulikuwa umenisifu mbele yao, na ningekuuliza tena, ungepata haya. Nikasema nitakuuliza ku nyumba. Ku nyumba nikaogopa utalia.”

Daktari akauliza amesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, nikimtazama Papa, na nilipomaliza nikamwambia Papa, kwa Kiswahili, yote aliyosema fundi siku ile.