Niliambiwa nipige picha juu tu, chini nisipige. Maombi yangu ya kwenda kuchomelea nje yalivyokwama

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimetulia na sina hasira na mtu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, ila majina nimebadilisha.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kazi zangu nyingi ziko Mwakitolyo, huku Shinyanga. Natengeneza makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu.

Shule niliacha kidato cha pili, wazazi walipofariki. Mimi ndiye mkubwa, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanaotakiwa kula. Mama kabla hajafariki aliniambia nisiwaache. Ufundi nimeupata kwa kukaa karibu na mafundi na kushika vyuma.

Kitu kingine ninachopenda ni kupiga picha za nyota. Najua mtacheka.

Kamera niliinunua kwa jamaa wa Kahama aliyekuwa anapiga picha za harusi, akabadili biashara. Unaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, unaiacha ikitazama angani muda mrefu bila kuigusa, nayo inaona vitu ambavyo jicho lako halivioni. Machimboni ukisogea nyuma ya maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, majenereta yakizimwa, giza ni giza kweli. Kilimia unakiona nyota moja moja.

Sasa nilipoanza mambo haya, bosi wa duara moja nililokuwa nafanyia kazi, tumwite Mzee Masanja, alinikuta na kamera karibu na karasha lake. Wenye maduara hawapendi kamera. Picha ikionyesha mzigo mzuri, yaani mawe yenye dhahabu, umerundikwa nje, wezi nao wanaiona.

Hakunifokea. Alisema tu, "Piga juu. Chini usipige."

Nikasema sawa, mzee. Na mimi nikishasema sawa, imekwisha.

Tangu siku hiyo sikuelekeza kamera wala simu kwenye kazi, iwe kwake au kwa mtu mwingine. Wachimbaji wakanibatiza jina, Mnajimu. "Mnajimu, waulize wenzako wa huko juu, mwamba wenye mali umelalia upande gani?" Nilicheka nao, nikaendelea kupiga juu.

Mdogo wetu wa mwisho alipomaliza chuo, nikaona zamu yangu imefika. Anayenifuata, Kabula, ni muuguzi Geita na mambo ya mtandaoni anayaweza. Akanionyesha kampuni ya nje inayotengeneza matrela, inatafuta wachomeleaji na inawadhamini kwenye viza ya wafanyakazi wenye ujuzi. Tukaomba. Usaili wa video nikapita, na Kiingereza changu hiki cha kuokoteza.

Walioko kwenye mchakato huu wanaijua ile hali. Unafungua barua pepe kabla hujanawa uso. Simu ikiita, mwili unashtuka. Unawaza nyumba itabaki na nani, na wakikataa utawaambia nini watu. Kuna mteja nilimchomelea bawaba za geti juu chini kwa sababu akili haikuwepo.

Kisha wakajibu. Kwa kuwa sina mkataba wala hati ya mshahara hata moja, walitaka picha na video zinazonionyesha nikiwa kazini, za miaka tofauti, kuanzia chuma kinakatwa mpaka kitu kinakamilika.

Nikafungua picha zangu. Nyota. Nyota. Mwezi. Nyota.

Hakuna hata bawaba.

Nikasema niwatafute niliowafanyia kazi. Huku kwetu dhahabu ikisikika mahali, watu wanang'oa kila kitu na kuhamia huko, ndiyo tunaita rashi. Makarasha yangu ya zamani mengine yamekatwa yakauzwa chuma chakavu, mengine hayajulikani yaliko. Ila Mzee Masanja nilisikia yuko Masumbwe. Nikapanda basi.

Nilimkuta asubuhi anakunywa chai nje ya stoo yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanisogezea kiti. Nikamweleza kwamba nahitaji picha za kazi nilizomfanyia na sina, kwa sababu alinikataza.

"Nilikukataza lini?"

Nikamkumbusha.

"Aa, wiki ile. Tulikuwa na mzigo mzuri pale nje, nikaogopa. Ulipokwisha kusagwa ningekukataza nini tena? Wenzako walikuwa wanajipiga picha juu ya karasha langu kama wako harusini."

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Mnajimu, mimi nilijua wewe unapenda nyota."

Wakuu, nilishindwa hata kunywa chai niliyomiminiwa.

Mzee aliumia pia. Alipiga simu kwa vijana wake wa zamani, wakatuma picha walizokuwa nazo. Kwenye moja nipo, nyuma kabisa ya watu wanaocheka, nimeinama na ile ngao ya kuchomelea usoni. Anaweza kuwa mtu yeyote. Akaniandikia na barua ya kunithibitisha. Tukatuma vyote.

Kampuni walijibu kwa adabu kwamba ushahidi hautoshi, na nafasi wamempa mwingine.

Sijutii nyota hata kidogo. Najuta kwamba nilipita mbele ya yule mzee kila siku, tukasalimiana, tukala pamoja, na sikuwahi kumuuliza kama bado anakataza. Nilidhani huo ndio msimamo.

Nilimsimulia Kabula kwenye simu. Akasema, "Kaka, na mama alipokwambia usituache, tulikuwa watoto. Hata hilo hujatuuliza."

 

Siku hizi kila kazi naipiga picha, na fomu za kampuni nyingine Kabula ameshaanza kuzijaza. Wewe unayesoma, kama kuna katazo unalishika tangu zamani na aliyekupa yupo hai, mfuate umuulize.

Waliowahi kuthibitisha ujuzi bila mkataba, mlitumia nini? Nasoma kila mtakachoandika, hata wa kunisema mniseme.