Mikia ya Mwalimu Esi

Jina la Esi alipachikwa na wanafunzi kwa sababu ya herufi moja ya Kiingereza, S, ile inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi mtendaji akiwa mmoja, tena asiwe mimi wala wewe. Kwa miaka kumi na tisa aliifundisha katika chumba kilekile cha mwisho, chenye dirisha linalotazama ukuta wa choo. Alikata vitambaa vyekundu vikawa mikia. Mtoto mmoja akisimama kuwa mtendaji, mwenzake anayeigiza kitenzi anafungwa mkia. Wakisimama wawili, mkia unavuliwa. Darasa zima linacheka, na hakuna anayesahau.

Ustadi huo ndio uliomponza. Mama yake alikuwa amepofuka, anaishi peke yake, safari ya siku mbili kutoka hapa. Kila mwaka Esi aliomba uhamisho, na kila mwaka mwalimu mkuu alimwonyesha meno: "Mwalimu, matokeo ya Kiingereza ni wewe. Yakishuka, tutazungumza." Mimi, mwalimu mwenzake, nilitamani kumzaba mkuu huyo kibao.

Mwaka jana mikia ikabaki kabatini. Esi akawa anaandika kanuni ubaoni, kisha anakaa akitazama ule ukuta. Watoto wakaanza kuboronga. Nikajua ni mawazo ya mama yake. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu alikuwa shoga yangu, nami sikukubali aumbuke. Nikawa nawachukua wanafunzi wake saa ya michezo, nawafunga mikia, nawafundisha. Nikawaambia ni siri, tunataka kumfurahisha mwalimu wao. Watoto wakatunza siri kuliko watu wazima.

Matokeo yakatoka, hayajawahi kuwa mazuri vile. Mwalimu mkuu akaikunja barua ya Esi ya kuomba uhamisho mbele yetu sote. "Huyu haondoki mpaka astaafu!" Walimu wakapiga makofi. Esi naye akapiga.

Tulipobaki wawili ofisini, akainamia meza akalia.

"Dada, nilifundisha vibaya makusudi," akasema. "Mwaka mzima. Sikuwa na njia nyingine ya kumfikia mama. Sasa hawa watoto wamejulia wapi?"

Niliona aibu. Mlango aliokuwa ameufungua kwa taabu ile, mimi ndiye niliyeufunga.

"Watoto wa siku hizi wana akili sana," nikamjibu.