Kola ya Dakika Tisa

Zamani mshahara wa fundi mmoja ulipanga nyumba nzima, ukasomesha watoto, na nyama ikaliwa bila kuulizana. Leo shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, anashona kola mia kwa siku na bado analala chumba kimoja na mabinti wawili waliokwisha kumpita kimo, pazia katikati. Chumba cha jirani kilipobaki wazi, mwenye nyumba alimpa hadi Ijumaa aseme anakichukua au la.

Alhamisi wakubwa wa kiwanda wakaja kupima kasi ya kushona. Kiwandani kwetu hulipwa kwa kola, na bei hupangwa kwa saa: bwana mmoja anasimama nyuma ya fundi na kuhesabu dakika. Fundi akiwa mwepesi, bei inashuka kwa wote. Na waliyemchagua ni yeye, ambaye kiwanda kizima kinamwita Umeme. Mwaka juzi alishindwa kuizuia mikono yake, akamaliza kwa dakika nne, wenzake wakamnunia mwezi mzima.

"Dada, leo tupe mgao wa umeme," walimtania alipokaa. Hawakucheka sana.

Mimi siku hizi natia mashine mafuta tu, lakini kola nilimfundisha mimi. Nilikuwa nimemwambia asijaribu kuzembea, maana mkono wa fundi haujui uongo. Ashone tu kama tulivyoshona sisi, kama lile shati la mfano lililotundikwa mlangoni kwa meneja, ambalo siku hizi watu hulipita kama ukuta.

Akaanza. Akapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kitambaa. Akapunguza ncha kwa mkasi, akapiga pasi kabla ya kugeuza, akashona mara mbili, mikono ikikimbia kasi yake ileile. Jasho likanitoka mimi. Mashine za jirani zikanyamaza moja moja. Miaka ishirini sikuwa nimeona kola ya namna ile ikizaliwa.

Dakika tisa.

Meneja akauliza mama anaumwa nini leo.

"Mzima, bosi. Nimeshona kama ile pale," akaelekeza kidevu kwenye shati la mfano. "Mkitaka ya kila siku, semeni, nirudie."

Kusema hivyo meneja hakuweza. Wiki hiyohiyo mnunuzi alikuwa amerudisha marobota ya mashati yetu, kola zimejikunja baada ya kufuliwa mara moja. Akalishusha shati, akailinganisha kola, akaipinda, akaivuta. Kisha akamwambia bwana wa saa aandike tisa, bei ya kola ipande kwa wote.

Bwana yule amesomea saa, hakusomea kola. Hizi hushonwa kwa mafungu: bandi kumi kwa mpigo, pasi kumi kwa mpigo, na hapo kila moja haizidi dakika sita. Malipo ya dakika tatu zinazobaki yanaingia mfukoni kwa fundi.

Saa ya chakula Umeme hakugusa sahani. Alitoka mbio na aproni yake, uzi mweupe ukimning'inia begani, mtu mzima wa miaka arobaini na nane akiruka madimbwi kumwahi mwenye nyumba. Nilimfuata hadi getini, pumzi zikaniishia.