Kabla Hamjamtoa Byamungu

Jumapili moja ya mwaka elfu mbili kumi na sita bado naikumbuka, mwanangu Fiston, ingawa mengine mengi ya mji huu nimeyaacha yapite. Naikumbuka kwa sababu ya kijana aliyesinzia katikati ya mechi, na kwa sababu ya maneno ambayo Mzee Salumu alituambia siku ile. Nakuandikia kwa kuwa jana jioni tulipoongea ulikuwa na haraka, simu iko mkononi, na Jumamosi hii mnakutana kumtoa Byamungu kwenye timu. Wewe mjukuu wangu ndiye unayechagua wachezaji sasa. Ukisema abaki, atabaki. Ukisema aende, ataenda. Basi nisome polepole kama ninavyoandika. Niliishia darasa la nne, kalamu yangu haina mbio.

Wewe uliletwa hapa Bellevue, huku kusini mbali na kwetu, ukiwa mgongoni, hukuyaona ya kwetu. Nilipokuwa msichana kule Uvira, hakuna mchezaji aliyechaguliwa. Timu ya mtaa ilikuwa vijana wa mtaa, basi. Kaka yangu Mateso alikuwa na miguu mizito, mpira ukimfikia sisi wasichana tunafumba macho, lakini alicheza mpaka akaoa, na hata baada ya kuoa. Watu walimtukana, ndiyo. Walimcheka mpaka mlangoni kwetu. Lakini hakuna aliyewaza kumtoa. Ungemtoa umpeleke wapi, wakati nyumba yetu ni ile pale?

Huku ni tofauti. Huku kila mtu katoka kwake, mmoja Uvira, mmoja Goma, mwingine Bujumbura, tumekutana kwenye vyumba vya kupanga. Ndiyo maana kukawa na siku ya kuchagua. Kila mwaka kabla mechi hazijaanza, vijana wasio na timu wanasimama kwenye mstari uwanjani, chini ya kilima cha Observatory, na timu zinachagua kwa zamu. Timu iliyomaliza mwisho ndiyo inachagua kwanza, ili nayo ipate nguvu. Sisi tumechagua kwanza karibu kila mwaka. Sijui kama hiyo ni heshima au ni aibu.

Na mimi nimekaa pale pembeni na beseni langu la mandazi miaka yote hiyo, nimewaona wote. Mnapobishana nani alikuwa chaguo zuri na nani alitupotezea mwaka, mnaniuliza mimi majina, kwa sababu nyinyi mnasahau. Nimechoka kuwa mtu wa kuulizwa majina ya watu walioondoka, lakini ngoja nikutajie machache.

Mwaka elfu mbili kumi na tano tulimchagua Trésor. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mrefu. Papa Jeromu kinyozi alisema, "Huyu kichwa chake tu ni goli!" Tukapiga vigelegele. Trésor hakumaliza hata nusu ya msimu, akapata kazi Durban, akaenda. Mpaka leo watu wanasema Trésor alitudanganya. Alimdanganya nani? Alipata kazi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza kama anatafuta kazi, tulimpima urefu tu.

Mwaka uliofuata tukamchagua Innocent, kijana wa Bukavu, mwembamba, mkimya. Siku ya kuchagua aliuchezea mpira ukawa kama umefungwa kwenye kamba ya kiatu chake. Jina lake lilipoitwa alishika kifua, akageuka nyuma kuangalia kama kuna Innocent mwingine. Tulimbeba juu. Hata Mama Furaha, yule msusi asiyempenda mtu, alimpa soda.

Lakini mechi zilipoanza, Innocent huyu akawa mwingine. Anasimama. Mpira unapita, yeye anautazama kama mtu anayetazama gari la jirani. Ndipo ikaja Jumapili ile. Tunacheza na timu ya Joubert Park, jua limekaa utosini, na mpira ukampita mguuni pake kabisa. Hakuuona. Macho yalikuwa yamefumba.

"Eish! Mleteeni mto!" Papa Jeromu alipiga kelele. "Na blanketi!"

"Ongezeni chai ya maziwa," akasema Mama Furaha, "mfalme asiamke na njaa."

Uwanja mzima ukacheka. Kocha akamtoa uwanjani. Innocent akaja kukaa kwenye nyasi karibu nasi, viatu mguuni, na kabla hajamaliza kunywa maji akawa amelala kabisa, mdomo wazi. Papa Jeromu akaanza: huyu atolewe, huyu ametuharibia zamu yetu ya kwanza, tungemchukua yule mwingine leo tungekuwa mbali.

Mzee Salumu alikuwa ameketi hapo. Humkumbuki vizuri, alikuwa fundi cherehani, Mrundi, Mwislamu, mtu mzima kuliko sisi sote, ndiye aliyeshona namba kwenye jezi zetu. Alivua koti lake akamfunika yule kijana uso, jua lisimchome. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Kijana huyu analinda nyumba za watu huko juu, usiku kucha. Asubuhi hii ametoka zamu, ameshuka kilima kwa miguu, hakwenda kulala, amekuja kwenu. Nani kati yenu alimwuliza?"

"Mzee," Papa Jeromu akajibu, "sisi tulimchagua acheze, hatukumwoa."

Watu wakacheka tena, lakini kidogo.

"Hamkumwoa, sawa," Mzee Salumu akasema. "Lakini mliita jina lake mbele ya watu wote, mkambeba, mkamwambia wewe ni wetu. Mkimtoa, atakuwa wa nani?"

Mimi nilimkumbuka kaka yangu Mateso, na nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona. Kule kwetu mtu anazaliwa na mtaa wake. Huku mtaa anapewa, na siku ya kuchagua ndiyo siku anayopewa. Mnadhani mnagawana miguu. Yule kijana anayeshika kifua chake hajasikia habari ya miguu, amesikia kwamba hatimaye kuna mahali anapotakiwa.

Ningependa nikuambie kwamba maneno ya mzee yaliingia. Hayakuingia. Katikati ya wiki walimtoa Innocent kwenye timu kwa ujumbe wa simu, wakamshukuru na kumtakia heri.

Siku nyingi zikapita. Nikakutana naye kwenye robot, zile taa za barabarani, hapo karibu na spaza, kile kiduka cha mtaa, amebeba sare yake ya ulinzi kwenye mfuko wa plastiki. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Akanipokea beseni bila kuombwa.

"Siku hizi unacheza na nani, Innocent?"

"Sichezi, Bibi. Jumapili ninalala tu."

Alisema kwa adabu, akitabasamu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira, ningejua bado anatuhesabu kuwa watu wake. Taa ikawaka ya kijani, akanivusha, akanirudishia beseni, akaenda zake. Sijamwona tena, na Mzee Salumu naye tumeshamzika.

Sasa Kizito. Huyo kipa mnayemsifu, mnajua alipatikanaje? Alikuwa wa mwisho kwenye mstari mwaka elfu mbili kumi na saba, timu zote zimemruka, tukamchukua kwa sababu zamu ilikuwa yetu na hakukuwa na mwingine. Mwaka mzima wa kwanza alikuwa anafungwa magoli ya aibu. Hakutolewa kwa sababu moja tu: hakuna aliyemtarajia chochote, hivyo hakuna aliyemkasirikia. Tulimsahau pale golini, akapata muda wa kujifunza. Wale tuliowachagua wa kwanza hatukuwahi kuwapa muda huo. Hiyo ndiyo hesabu yangu mimi ya miaka yote hii, mwanangu, na wataalamu wenu wanaokaa kwenye kreti za bia pembeni ya uwanja hawaisemi kamwe.

Nije kwa Byamungu. Jana ulisema, "Bibi, anaogopa. Mtu akija kwa nguvu anaruka pembeni. Msimu mzima hana goli, watu wanamwita Mayai." Nikakuuliza kama umemwuliza kwa nini anaruka. Ukaniambia, "Bibi, hii ni timu, si kanisa," simu ikalia, ukatoka.

Basi mimi nilikuwa nimeshamwuliza. Anabeba magunia kwenye soko la mboga, analipwa kwa siku, na siku asiyokwenda hakuna kitu. Akivunjika mguu hakuna kaka hapa wa kumletea uji. Ndiyo maana anaruka. Hata wewe ungeruka. Tena anaishi Joubert Park, na timu ya kule inafanya mazoezi karibu na mlango wake. Nikamwambia, mbona huombi kwao, upumzike na safari? Akasema, "Bibi, jengo letu lina watu wengi, lakini hapa ndipo wananiita Byamungu." Sikumwambia kwamba siku hizi wanamwita jina jingine. Nadhani analijua.

Sikuambii umpange. Mpira naujua, na asiyecheza vizuri akae benchi, hata akiwa mtoto wangu wa tumboni. Waliomo uwanjani ni kumi na mmoja, hilo halibadiliki, na hapo uwe mkali utakavyo. Lakini benchi ni refu. Mtu wa benchi bado anavaa jezi, bado anapigiwa simu mazoezi yakihamishwa, akikosekana, kuna mtu anauliza yuko wapi. Kumweka benchi ni kazi ya kocha. Kumtoa ni kumrudisha kwenye ule mstari, na safari hii watu wote wanajua kwamba aliwahi kukataliwa.

Utasema watu watapiga kelele. Watapiga. Papa Jeromu ataanza asubuhi na mapema. Usituogope sisi tunaokaa pembeni, mwanangu. Sisi hatujawahi kukimbia hata hatua moja kwenye uwanja ule, na tukikosea kumhukumu mtu tunakwenda nyumbani kula. Yeye anakwenda nyumbani na hukumu hiyo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na sina nyingine. Ukimchagua mtu, mwulize analala wapi, anafanya kazi saa ngapi, na nani atamwuguza akiumia, umwulize kabla hujamwambia chochote kuhusu goli. Akishindwa kucheza, mpumzishe. Usimtoe mtu uliyemwita mwenyewe kwa jina mbele ya watu, ila yeye mwenyewe aombe kuondoka, na akiomba, msindikize.

Jumamosi uingie kwenye kikao chako na moyo uliotulia. Mungu akupe mdomo wa kusema neno moja zuri wakati wenzako wote wanataka kumaliza haraka. Akulinde wewe, amlindie na Byamungu miguu yake na mkate wake. Na ukifika umri wangu, mwanangu, usikose kijana wa kukupokea mzigo, akakuangalia usoni, akaona mtu ambaye hakumwacha.