Bomba la Mkwe

Baba mkwe wangu alikata mikoko visiwani Delta tangu ujana, akabeba boriti begani mpaka mgongo ukagoma. Alipohamia kwetu Kibiti hakuweza tena kukaa kwenye baiskeli ya kawaida, na kupanda bodaboda ilibidi watu wawili wamnyanyue. Huko kunyanyuliwa kulimuudhi kuliko maumivu yenyewe. Haja yake ilikuwa moja: aende msikitini Ijumaa kwa chombo anachokiendesha mwenyewe.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na mdomo wangu hutangulia mikono. Nilikuwa nimeona kwenye simu baiskeli ya kuegemea, mtu amelaza mgongo kwenye kiti kirefu na pedali ziko mbele yake. Nikaitangazia karakana nzima kwamba Ijumaa ijayo mkwe wangu atapita barabarani na ya kwake. Wenzangu walicheka, wakauliza kama nitamwekea na chandarua.

Baiskeli ya namna hiyo roho yake ni bomba moja refu linalopita chini ya kiti, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Bomba la samani ni jepesi, lakini ni jembamba mno, moto unalitoboa kabla hujapepesa. Nilishachagua bomba jeusi, zito kidogo, linalopokea moto vizuri. Ndipo mkwe alipokuja na la kwake, la pampu ya zamani, alilolileta kwa boti kutoka visiwani. Alikuwa amelisugua kwa mchanga mpaka likang'aa. Alisema hataki kupanda kitu asichokitolea jasho.

Nililigonga kwa nyundo. Bomba zima hulia. Lile lilitoa mlio wa gunia. Maji ya chumvi yalikuwa yamelila kwa ndani miaka mingi. Nilijua pale pale, sikuhitaji hata kulikata.

Kwetu mkwe humkatalii kitu usoni. Lakini njia ipo, na kila aliyeoa anaijua: unamwambia mkeo, naye anamfikishia baba yake kwa maneno laini. Yangetosha maneno mawili matatu. Sikuyasema, kwa kuwa mke wangu angetaka tusubiri, na mimi nilishajitapa. Nikajificha nyuma ya heshima.

Nikachomea. Moto ulipotoboa shingoni, pale panaposhika uma wa mbele, nilijaza tundu kwa vipande vya misumari, nikachomea juu yake na kusawazisha kwa grinda. Vishimo vilivyobaki nilivipaka pati, ule udongo wa kuzibia, nikapiga rangi ya kijani. Palipendeza kuliko sehemu nyingine zote za fremu.

Ijumaa alivaa kanzu, nikamfunga pindo lisishikwe na mnyororo. Akaenda. Nakiri nilifurahi nikimfuata nyuma, watu wakisimama kumtazama, naye akiitikia salamu huku ameegemea. Mbele ya msikiti alipita kwenye kishimo kidogo tu. Shingo ikakatika, akaangukia ubavu, na kanzu ikampanda mapajani mbele ya wote waliokuwa wakitawadha. Watu wawili wakaja wakamnyanyua.

Hakuvunjika kitu. Niliwahi kuiokota fremu kabla ya wengine, kwa sababu misumari ilikuwa imechomoza, nikaifunika kwa kiganja. Yeye aliona kutu tu.

"N'samehe, mwanangu," akasema. "Nimekuletea bomba bovu, nimekuaibisha mbele za watu."

Nikamjibu, "Hamna neno, baba. Hukujua."

Yaani nilimsamehe kosa langu mwenyewe, tena kwa sauti ya upole, waliokuwepo wakanisifu kwa subira. Naona haya hata kuliandika.

Nilitaka kumtengenezea nyingine kwa lile bomba jeusi. Akakataa, akasema hasara aliyonitia imetosha. Sasa huenda msikitini Ijumaa wanapopatikana watu wa kumpandisha bodaboda. Ijumaa nyingine huswali adhuhuri yake nyumbani, peke yake. Na kila anayepita humweleza, bila kuulizwa, kwamba fundi hana kosa, bomba lilikuwa lake. Juzi alikuja mtu wa Dimani anayetaka kutengenezewa geti, akaniambia mkwe wangu ndiye aliyemwelekeza kwangu, kamhakikishia kwamba mimi ni fundi mwaminifu. Nikamshukuru, nikachukua vipimo.